Mjomba wa Chumba cha Maziwa Anaweka Kijiko Chini

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuwalisha watoto wa wafanyakazi wa kampuni hii, Mjomba anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Wengi wanaostaafu hapa yadi huondoka na maumivu ya mgongo kwa sababu ya kupakia na kupakua mizigo. Yeye anaondoka na aproni yenye doa la boga begani ambalo sabuni zote za duniani zimeshindwa nalo. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maneno machache kumhusu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanya naye kazi bega kwa bega kwenye kituo cha watoto. Hayo machache nimejaribu, yamenishinda. Naomba radhi mapema.

Kwa wenzetu wa ofisi za mbele ambao hawajawahi kufika kwetu, kituo kiko nyuma ya gereji, ukishapita karakana ya matairi na ule ukuta wenye bango la kukataza honi. Vyumba ni vitatu: cha kulala, cha kuchezea, na chumba cha maziwa, ambako Mjomba ndiye mwenye kauli. Humo mna sinki, jiko la gesi, kabati la makopo ya maziwa ya watoto, waya wa kukaushia chupa zikiwa zimepinduliwa, na viti virefu vya watoto vilivyopangwa mbele ya dirisha linalotazama malori. Kuna pia kiti kimoja cha mtu mzima ambacho miguu yake imekatwa kwa msumeno. Aliyeikata ni Mjomba mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini, bila kumuuliza mtu. Afisa ugavi wa wakati ule alikuja juu na kudai maelezo. Maelezo aliyopewa ni kwamba mtu akimlisha mtoto huku amemsimamia, mtoto haoni uso, anaona matundu ya pua, na hakuna anayepata hamu ya kula kwa kutazama matundu ya pua. Kiti kilibaki, na mpaka leo ukikikalia magoti yanakufika kifuani.

Hakuja hapa kulea watoto. Alikuja kuziba bomba. Sinki la chumba cha maziwa lilikuwa likivuja, kampuni ikaita fundi, akaja kijana mrefu mwenye mikono mikubwa na sanduku la vyuma. Bahati yake, au bahati yetu, siku hiyo walezi wawili walikuwa wagonjwa, na Sista, muuguzi wetu mkuu, alikuwa na mtoto kila mkono na wa tatu analia kitandani. Sista si mtu wa kubembeleza. Alimtia fundi chupa mkononi, akampakatisha yule mtoto wa tatu, na kumwambia, “Shika hapa, inua hivi, na usikohoe.” Fundi akaketi juu ya sanduku lake la vyuma. Mtoto akanywa, akalala, na fundi hakuthubutu kuinuka asije akamwamsha, ingawa maji yalikuwa yameshafika kwenye viatu vyake. Wiki iliyofuata alirudi kuuliza kama kuna nafasi. Meneja alicheka mpaka akatoa leso kufuta machozi, lakini Sista hakucheka hata kidogo. Tangu hapo kila sherehe ya ofisi haiishi bila mtu kusema kwamba jamaa alikuja kuziba bomba akaishia kuziba midomo.

Maneno hayakukosekana. Baba mmoja wa idara ya mizigo alitaka kujua ni mwanamume gani mwenye akili timamu anayechagua kazi ya kufuta matapishi. Mafundi wa gereji nao walimwita shemeji kwa kejeli miezi mingi. Yeye alitabasamu tu na kuendelea kuosha chupa. Kina mama ndio waliomaliza mjadala kwa kumpa jina. Mjomba ni kaka wa mama, mtu ambaye mama anaweza kumwachia mtoto akaenda zake bila kugeuka nyuma, na jina hilo lilimganda kiasi kwamba hata hundi yake ya kwanza mhasibu aliiandika hivyo, ikabidi irudiwe.

Anachokijua alifundishwa na Sista, na hilo hulisema mwenyewe kila akisifiwa. Sista alimfundisha kupima maziwa kwa kijiko cha ndani ya kopo na kukisawazisha juu kwa mgongo wa kisu, asizidishe kwa huruma wala asipunguze kwa ubahili. Alimfundisha kwamba kuweka uji ndani ya chupa na kutoboa chuchu yake iwe na tundu kubwa si kumlisha mtoto, ni kumharakisha. Na alimfundisha ile hesabu ngumu kuliko zote katika kazi yetu, hesabu ya mtoto aliyevuka nusu mwaka, ambaye bado anahitaji maziwa yake lakini tumbo lake ni lilelile dogo, na kila tone la maziwa linalokuja wakati usiofaa linachukua nafasi ya kiazi. Ukimpa chupa kabla ya chakula, chakula atakitazama kama mgeni asiyealikwa. Ukimnyima chupa ghafla, atalia na kukataa vyote viwili. Maziwa hayafukuzwi, alisema Sista, yanasogezwa. Yanatoka mbele ya chakula yanakwenda nyuma yake, kisha yanabaki ya kulalia na kuamkia, kisha chupa inageuka kikombe. Mambo haya yote yanaandikika kwenye karatasi moja, na Sista alishayaandika na kuyabandika ukutani.

Kilichokuwa cha Mjomba mwenyewe ni kusubiri. Hili hamtaliamini mpaka mlione, na mimi nililiona miaka mingi na bado lilinishangaza kila siku. Alikuwa akikaa kwenye kile kiti kifupi, macho yake sawa na macho ya mtoto, na kukisimamisha kijiko mbele ya mdomo bila kugusa mdomo. Basi. Hasukumi, haimbi, haigizi ndege wala gari moshi. Mtoto akigeuza shingo dirishani, na yeye hugeuza shingo dirishani, wakatazama pamoja lori likirudi nyuma, wakalijadili lori hilo kwa kirefu, na muda wote huo kijiko kiko palepale, hakitikisiki. Mara ya kwanza kumwona nilidhani amesinzia. Kisha mtoto anarudi mwenyewe, anakikuta kijiko kinamngoja, na anafungua mdomo kana kwamba wazo lilikuwa lake. Nina kaka fundi saa, nimeona mikono iliyotulia. Mkono uliotulia namna ile sijauona kwingine, na mara nyingi nilijikuta nimesimama mlangoni na nepi mkononi, nimesahau nilikuwa naenda wapi.

Gharama ya kusubiri huko ilikuwa chakula chake mwenyewe. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, humfungia kila siku bakuli lenye mfuniko, na kila siku Mjomba hulifungua watoto wote wakiwa wamelala na chakula kimeshapoa zamani. Mke alilalamika, akanunua bakuli lililodaiwa kuhifadhi joto, akalalamika tena. Katika sherehe ya mwaka juzi alitutangazia kwamba yeye ameolewa na mwanamume asiyejua ladha ya chakula cha moto siku za kazi. Tulivunjika mbavu, na Mjomba alicheka kuliko sisi sote.

Sasa nije kwa Jaji, kwa sababu bila Jaji wasifu huu ungekuwa wa kawaida tu.

Jaji ni mtoto wa kike wa miezi kumi. Tulimpa jina hilo siku ile ile alipoletwa, kwa jinsi alivyokuwa akikunja vimikono vyake kwenye meza ya kiti chake, akakitazama chakula, akamtazama aliyekileta, na kutoa hukumu kwa kufumba mdomo. Rufaa haikuwepo. Mama yake ni dereva wetu wa lori la masafa marefu, yule mnayemfahamu nyote kwa kilemba chake cha njano, aliyeanza kama utingo akapanda mwenyewe mpaka kwenye usukani. Baba yake ni fundi umeme wa magari hapa hapa gereji. Nyumbani wanaishi na bibi, mama mzazi wa baba, pamoja na shangazi. Mama alipomaliza likizo ya uzazi na kurudi barabarani, mtoto aliwekwa kwenye maziwa ya kopo, na maziwa aliyapenda. Tatizo ni kwamba hakupenda kitu kingine chochote.

Uzito wake ukasimama. Mashavu yalikuwepo, lakini yalikuwa meupe, na alichoka upesi kuliko wenzake wanaotambaa. Sista akampeleka kliniki, na jibu likawa kwamba damu yake imepungua; maziwa yamezidi, chakula chenye kujenga damu hakifiki tumboni. Wakaagizwa wapunguze chupa na wasimamie chakula, kisha warudi mwisho wa Juni. Mama Jaji alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa madereva na kumwambia kwamba kama hadi siku hiyo mtoto hatakuwa anakula, funguo za lori zitakuwa mezani kwake. Hakulia alipokuwa anasema. Alilia kwetu, kwenye chumba cha maziwa, amekaa kwenye kile kiti kifupi, na kusema hajui kama ni mama mbaya kwa kuondoka au atakuwa mama mbaya zaidi kwa kubaki huku moyo uko njiani.

Nyumbani wote waliapa kwamba wamepunguza. Baba alisema anampa chupa moja tu, bibi alisema moja tu, shangazi alisema moja tu. Hata hivyo Jaji aliendelea kufika kwetu ameshiba na kupiga miayo mbele ya kijiko. Tulishika tama. Ni Mjomba aliyelitatua, na alilitatua kifundi bomba. Alikuwa akimbadilisha Jaji nepi, akaipima ile nepi kiganjani, akaipima tena, akatoka nayo mpaka kwa Sista. Maji yanayotoka, alisema, lazima yaliingia mahali. Nepi ya mtoto anayekunywa kidogo haiwezi kuwa nzito namna hii.

Akawaita watu wa nyumbani wote watatu, akaomba kila mmoja aje na chupa anayoitumia. Walikaa kwenye vile viti vidogo vya chumba cha kuchezea, baba bado ana grisi mikononi. Shangazi akatoa chupa yake ya alfajiri, anayompa kabla wengine hawajaamka. Bibi akatoa yake kwenye mkoba, ya njiani, maana alihofia mtoto atafika kazini kwa watu na njaa. Baba, akiwa ameinamisha kichwa, akatoa ya kwake mfukoni mwa ovaroli: alikuwa akichomoka gereji wakati wa chai na kumpa mtoto dirishani akijua amekataa chakula. Sista alizitazama, akainuka, akarudi na ya nne, ile ya kituo tuliyokuwa tukimpa akiamka usingizini. Chupa nne zikasimama mezani. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, alikuwa akimpa moja tu, na kila mmoja aliifanya iwe siri ndogo kwa kuwa aliona aibu kwamba yeye peke yake ndiye ameshindwa kujizuia. Bibi ndiye aliyeanza kucheka, na alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Mjomba akamshikia miwani yake mpaka alipomaliza.

Hakumlaumu mtu. Alisema mtoto huyu ana bahati kubwa, ana watu wengi wa kumwonea huruma, ila huruma yote inaingia kwa bomba moja. Kisha akachukua chupa moja kati ya zile nne, akaifunga uzi mwekundu shingoni, na nyingine tatu akazifungia kabatini. Tangu siku ile chupa ya Jaji ni moja, inasafiri naye kutoka nyumbani mpaka kituoni na kurudi, na anayeitaka lazima amwombe aliyenayo na kuambiwa ya mwisho ilitolewa lini. Inakuja baada ya kijiko, haitangulii. Utaratibu huo wa chupa moja na uzi wake sasa ni wa watoto wote wa kituo, na mkipita asubuhi mtaona nyuzi za kila rangi kwenye ule waya wa kukaushia.

Jaji alikasirika siku kadhaa. Alitoa hukumu kali. Kisha, adhuhuri moja, akiwa na njaa ya kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, alilitazama boga lililopondwa, akamtazama Mjomba, wakatazama lori pamoja, akarudi na kufungua mdomo. Sista aliyekuwa kwenye sinki alifunga maji ili kusiwe na kelele. Baada ya boga kikaja kiazi na karoti, yakaja maini yaliyosagwa, maharage, yai. Midomo ikaanza kupata rangi. Tulifurahi, na furaha ilitufumba macho, kwa sababu ilituchukua muda kugundua kwamba Jaji alikuwa akila kwa mkono wa mtu mmoja tu.

Kwa bibi hakula. Kwa baba hakula. Kwangu hakula, hata nilipovaa aproni ya Mjomba yenye lile doa na kukunja sauti niwe na besi, jambo ambalo watoto wengine walilifurahia sana na yeye akalitazama kwa masikitiko. Nyumbani jioni na siku za mapumziko ilikuwa chupa yenye uzi mwekundu au hakuna. Na barua ya kustaafu ya Mjomba ilikuwa imeshasainiwa.

Mnajua yaliyofuata, maana minong'ono ilifika mpaka getini. Wazazi waliomba aongezewe mkataba. Meneja alikubali, tena kwa moyo mkunjufu. Mama Jaji alitoka safari, hakupita hata nyumbani, akaja kusimama mbele ya Mjomba na vumbi lake la barabarani, na kumwomba kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake: “Mjomba wangu, ongeza hata miezi mitatu. Mitatu tu, avuke mwaka.” Mimi nilikuwa na hakika atakubali. Huyu ndiye mtu aliyekaa na maji kwenye viatu ili mtoto wa watu asiamke.

Akakataa. Nilimkasirikia, sifichi, nikaona uzee umemtia ugumu wa moyo. Alimketisha mama Jaji kwenye kile kiti, yeye akachuchumaa chini, goti likalia, na kusema, “Binti yangu, mimi nimeshakuwa chupa yake ya tano. Nikiongeza miezi mitatu, itakuwa miezi mitatu ya chupa. Na mimi inabidi nipunguzwe.” Mama Jaji hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa, na hasira iliniisha palepale.

Akaanza kumwachisha mtoto mkono wake, kwa utaratibu uleule ambao ameusimamia miaka yote kwa chupa na kijiko. Hakujiondoa, alijisogeza. Kwanza nilishika kijiko mimi, mkono wake ukiwa juu ya wangu, na Jaji akala akidhani ni mkono mmoja. Kisha mkono wake ukashuka kwenye kifundo changu, ukashuka kwenye kiwiko, ukawa kidole tu kwenye mkono wa gauni langu. Kisha akaketi kando. Kisha nyuma yangu. Mtoto alipokuwa na mafua, Mjomba alirudi karibu bila kusita; mtoto alipopona, akasogea tena. Akafika mlangoni, akatoka mlangoni, akawa mgongo tu unaoonekana kwenye kioo cha mlango, na hatimaye akawa kikohozi cha ukumbini. Kila hatua alimfundisha pia bibi, na baba baada ya kunawa grisi, na wote walikalia kile kiti kifupi wakajifunza kutazama malori bila kutikisa mkono. Nilifunzwa kazi hii miaka mingi, lakini siku zile ndipo nilipojua ni nini, na nilikuwa nikirudi nyumbani kama mtu aliyetoka kwenye ibada.

Kuna siku moja ilitushinda. Jino lilikuwa linatoka, kikohozi cha ukumbini hakikutosha, na Jaji alilia akimtafuta kwa macho mpaka sauti ikakauka. Nililia naye. Niliinuka kumfungulia mlango Mjomba aingie, nikaona kwa chini, kwenye uwazi wa mlango, ncha za viatu vyake. Zilikuwa zimegusa mlango kabisa. Hazikusogea mbele wala nyuma. Nikarudi nikakaa, nikampakata, nikampa chupa yake siku hiyo bila kijiko, kwa kuwa hata hilo Mjomba alikuwa ameshalisema, kwamba kuna siku mtoto anadai maziwa tu na mtu mwenye busara anampa. Nilipotoka na chupa tupu, alikuwa bado amesimama pale. Aliniuliza kama amelala, nikasema ndiyo, akaenda kuosha chupa. Sijapata kuona mtu mwenye nguvu kama zile, na yadi yetu ina watu wanaobeba injini.

Jumanne ya wiki hii mama Jaji alifika adhuhuri kutoka safari. Alinawa, akavua kilemba kile cha njano kisije kikamchanganya mtoto, akajikunja kwenye kiti kifupi. Mezani kulikuwa na yai na kiazi. Mjomba hakuwepo mlangoni, hakuwepo kwenye kioo, na hakukohoa, kwa sababu alikuwa ameondoka kabisa jengoni. Jaji aligeuka kuutazama mlango. Mama akageuka naye, wakautazama mlango pamoja. Wakatazama dirishani, kulikuwa na lori, lake mwenyewe, na mama akamweleza Jaji kwa sauti ya chini lina matairi mangapi. Kijiko kilikuwa kimesimama. Jaji akarudi, akakunja vimikono, akamtazama mama yake. Akafungua mdomo. Alikula mpaka bakuli likabaki jeupe, na cha mwisho alikinyakua kijiko chenyewe na kujilisha sikio.

Nilikimbia kumtafuta Mjomba. Nilimkuta nyuma ya karakana ya matairi, amekaa juu ya tairi kuukuu, bakuli la mkewe mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa na chakula cha mchana wakati wa mchana, na mvuke ulikuwa bado unapenya kwenye mfuniko. Hakuwa ameufungua. Aliniuliza amekula nini, nikamwambia. Aliuliza kwa mkono wa nani, nikamwambia. Akauliza na chupa je, nikamwambia hajaikumbuka. Akatikisa kichwa mara kadhaa, akafuta macho kwa ile aproni, upande wenye doa, na ndipo alipofungua mfuniko.

Kliniki walimpima Jaji siku iliyofuata, mzani ukapanda na damu nayo ikawa inaongezeka. Funguo za lori hazikufika mezani kwa mkuu wa madereva. Alhamisi asubuhi mama Jaji alitoka getini na mzigo wake na, kinyume cha bango letu, akapiga honi ndefu nyuma ya gereji. Watoto wote waliamka. Sista, ambaye angemwandikia mtu mwingine barua ya onyo, alisimama dirishani akampungia mkono.

Mjomba, kwa niaba ya Sista, walezi, mafundi waliokuita shemeji, na watoto wote ambao sasa wengine wana ndevu na hawakumbuki ni nani aliyewafundisha kufungua mdomo, tunakushukuru. Kiti chako kifupi tunabaki nacho, usije ukakidai. Tunajua utapita kutusalimia, na tunajua utasimama ukumbini kwanza, usikilize, ndipo uingie. Tunakuombea afya, na siku ndefu mezani kwa mkeo. Kaa, Mjomba, ule. Chakula ni cha moto, na watoto wote wameshakula.